Nini kiwekwe ndani ya mtungi? Vijazo vya kichujio katika akwariamu ya maji ya chumvi

Jirani yangu wa mtaa wa Bel-Air aliponiita Jumamosi moja asubuhi, alikuwa amekwisha kuufungua mtungi wa kichujio chake na kuvipanga vilivyokuwamo juu ya gazeti sakafuni, fungu kwa fungu, kama nyanya za sokoni. Kulikuwa na mfuko wa makala ya jikoni, yaani makaa ya kupikia, yaliyopondwa, pete za kauri, mawe meupe ambayo muuzaji aliyaita zeoliti, ngumi mbili za mawe meusi yanayong'aa kama kioo, na sponji moja ya kuoshea vyombo. "Yaya," aliniambia, kama huku tunavyomwita kaka au dada mkubwa, "nimeweka kila kitu walichosema, na kamba wangu wote wawili wamekufa. Sasa ni kipi kilichobaki ambacho sijaweka?"

Swali lake lilikuwa limesimama kichwa chini miguu juu, lakini sikumlaumu. Hapa Lubumbashi wanaofuga samaki wa baharini ni wachache, na Bahari ya Hindi iko mbali, takriban kilomita 2,000 kwa barabara hadi Dar es Salaam. Mtu hujifunza kwa kudokoadokoa: ushauri kidogo kwa muuzaji, kidogo katika video za Ulaya, kidogo kwa rafiki ambaye maisha yake yote amefuga samaki wa maji baridi. Mmoja atakuambia kwamba mtungi uliojazwa kila aina ndio salama. Mwingine atakuambia kwamba mtungi ni hatari katika maji ya chumvi na heri utupwe. Kila mmoja wao anaweza kuwa anasema kweli kuhusu akwariamu yake mwenyewe. Kinachopotea njiani ni swali linalopaswa kutangulia, nalo ni hili: ndani ya akwariamu yako, kabla hata ya kugusa mtungi, ni nini tayari kinachoyasafisha maji?

Kazi tatu, hakuna ya nne

Kichujio cha mtungi, ambacho wengi wetu hukiita tu "filtre ya inje", ni ndoo iliyofungwa kwa kifuniko na mpira wa kuzuia kuvuja, nayo hukaa chini ya akwariamu, mara nyingi ndani ya kabati. Maji hushuka kwa bomba moja kwa uzito wake, hupita katika vikapu vilivyopangwa ndani, kisha pampu iliyo kwenye kifuniko huyarudisha juu kwa bomba la pili. Ndoo yenyewe haichuji chochote. Kinachochuja ni vijazo, yaani vitu tunavyoviweka ndani ya vikapu, na hata viwe vimeandikwa majina ya ajabu kiasi gani kwenye pakiti, kila kijazo hufanya moja kati ya kazi tatu: kunasa uchafu unaoonekana, kuwapa bakteria mahali pa kukaa, au kunyonya vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji.

Kunasa ni kazi nyepesi kuielewa, kwa sababu ndiyo kazi ya chujio la chai. Sponji yenye vitundu vikubwa hushika kinyesi na mabaki ya chakula, na pamba nyeupe ya nyuzi za sintetiki hushika vumbi laini linalopenya sponji. Kazi ya tatu, ya kunyonya, nitaifikia mbele, kwa kuwa ndiyo inayoleta gharama na udanganyifu mwingi. Ile ya katikati ndiyo inayochanganya watu.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kilichosalia kinapooza nacho hutoa amonia. Kuna kundi la bakteria linaloigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine linaloigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia kwa kiasi. Mambo haya yalifafanuliwa na Mrusi Sergei Winogradsky karibu mwaka 1890, alipokuwa akichunguza udongo, na hayajabadilika kwa sababu tu tumeyahamishia ndani ya kioo. Katika maji ya chumvi yana uzito wa pekee, kwa sababu ukali wa amonia hutegemea pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Katika maji yenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika hali inayoua. Katika maji ya bahari, ambayo pH yake ni karibu 8.2, sehemu hiyo hupanda zaidi ya mara 10. Ndiyo maana kiasi cha amonia ambacho samaki wa maji baridi angekimeza bila kulalamika kinaweza kumlaza kifudifudi samaki wa baharini.

Sasa, pete za kauri hazigeuzi amonia. Bakteria ndio wanaoigeuza. Pete mpya ni nyumba za kupangisha ambazo bado hazijapata wapangaji, na wapangaji hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kuhamia na kuongezeka, hata kama pakiti imeandikwa "tayari kwa matumizi". Anayenunua pete Jumatatu na samaki Jumanne amenunua nyumba tupu.

Ushauri wa mbali na mawe ya hapa

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mfugaji mmoja wa Indonesia aitwaye Lee Chin Eng alionyesha kwamba akwariamu ya bahari inaweza kukaa vizuri kwa kutegemea mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe vyake, maji yanayosukwasukwa kwa hewa, na mwanga. Baadaye wafugaji wa Ujerumani waliendeleza wazo hilo kwa kuongeza kifaa cha kuchota povu, na tangu hapo wafugaji wa matumbawe duniani kote wameyategemea hayo "mawe hai". Jiwe la namna hiyo ni mfupa wa matumbawe ya kale, lenye matundu hadi kiini chake. Juu yake, penye oksijeni, bakteria hugeuza amonia. Ndani kabisa, palipoishiwa oksijeni, bakteria wa aina nyingine huivunja nitrati na kuiachilia hewani kama gesi ya nitrojeni.

Mwenye akwariamu iliyojaa mawe hayo akisema "usiweke pete za kauri ndani ya mtungi, hazina kazi", anasema kweli. Mawe yake yameimaliza kazi hiyo. Kwake mtungi ni wa pamba na mfuko mdogo wa makaa tu, na vikapu viwili vinaweza kubaki vitupu bila hasara. Kuna wanaoona aibu kuacha kikapu kitupu, kana kwamba wameacha sahani ya mgeni bila chakula, lakini maji hayaoni aibu hiyo.

Hapa kwetu hali ni tofauti. Mawe hai ni shida kuyapata, na si kwa sababu ya umbali peke yake: matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpakani kunahitaji vibali. Akwariamu nyingi za chumvi nilizoziona mjini zimepambwa kwa mawe ya kawaida, mazito, yasiyo na matundu, ambayo bakteria huyakalia kwa nje tu kama ndege juu ya waya. Katika akwariamu ya namna hiyo, kufuata ushauri wa kuacha mtungi bila pete ni kuwanyima bakteria nyumba pekee ambayo wangeipata. Jirani yangu alikuwa na lita 200, samaki watano, na mawe matatu laini aliyoyaokota mtoni. Kwake pete za kauri zilikuwa lazima, na kati ya vyote vilivyolala juu ya lile gazeti, ndizo peke yake nilizomwambia asizitupe.

Ni pete gani basi? Kauri ya kawaida yenye vinyweleo inatosha. Zipo pia tofali na punje za kioo kilichookwa, ambazo bei yake ni kubwa zaidi na ambazo watengenezaji wake hudai kwamba ndani yake nitrati pia huvunjwa. Uso wake ni mkubwa kweli, lakini maji ndani ya mtungi huenda mbio, na yanakuja na oksijeni. Kwa hiyo mimi huzihesabu kama nyumba nzuri za bakteria wa kawaida, na ile ahadi ya nitrati siilipii. Mipira ya plastiki yenye miiba, ambayo muuzaji hupenda kuiongezea kama nyongeza, iliundwa kwa vichujio ambamo maji hudondoka hewani. Ikizamishwa ndani ya mtungi huchukua nafasi kubwa na kutoa uso mdogo.

Je, vipande vya matumbawe yaliyosagwa au makombe ndani ya kikapu vitapandisha pH? Hapana, angalau si pale unapovihitaji. Chokaa ya namna hiyo haiyeyuki ila pH ishuke chini ya 8 kwa kiasi, na maji yakifika huko tayari una tatizo jingine.

Kile kinachoitwa kiwanda cha nitrati

Mtungi umepata jina baya kwa wafugaji wa maji ya chumvi, wanaouita kiwanda cha nitrati. Jina hilo lina ukweli ndani yake, ila lawama imewekwa mahali pasipo pake. Hakuna kijazo kinachozalisha nitrati kutoka hewani. Karibu nitrati yote iliyomo katika maji yako iliingia kwa mlango mmoja, nao ni kopo la chakula cha samaki. Swali ni kama mabaki ya chakula hicho yanatoka kabla hayajaoza au baada ya kuoza.

Chukua sufuria ya bukari, yaani ugali. Ukiiosha mara baada ya kula, mabaki yamekwenda. Ukiifungia kabatini bila kuiosha kwa wiki tatu, kabati halijazalisha uchafu wowote mpya, lakini utakapofungua mlango nyumba nzima itajua. Sponji ndani ya mtungi ni sufuria hiyo. Uchafu ulionaswa haujatoka katika maji. Umehamishwa tu kutoka mahali unapoonekana hadi mahali usipoonekana, na maji yote ya akwariamu yanaendelea kupita katikati yake mara kadhaa kwa saa. Katika maji ya chumvi, ambako wengi wetu hatuwezi kubadilisha maji mengi kwa kuwa kila lita inataka gramu 35 za chumvi ya bei ghali, sufuria hiyo chafu huonekana upesi zaidi kwenye kipimo.

Kwa sababu hiyo mimi hupima kijazo cha kunasa kwa kigezo kimoja ambacho pakiti haikiandiki: je, utakubali kukitoa kila wiki? Pamba laini hushika vizuri kuliko sponji yoyote, lakini huziba ndani ya siku chache, na pamba iliyoziba ni mbaya kuliko kutokuwa na pamba, kwa sababu maji hutafuta njia rahisi pembeni na kuvipita vijazo vyote bila kuvigusa. Anayejijua kwamba hufungua mtungi mara moja kwa mwezi aache pamba na atumie sponji ya vitundu vikubwa peke yake. Pamba bei yake ni ndogo, hutupwa, sponji huoshwa. Pamba inayojazwa katika mito ya kulalia hufaa pia, mradi iwe haijatiwa manukato wala dawa ya kuzuia moto. Sponji ya kuoshea vyombo haifai kamwe, maana nyingi zimetiwa dawa ya kuua vijidudu, na vijidudu ndivyo tunavyovifuga.

Pete za kauri zenyewe hazitaki usafi wa namna hiyo. Huzungushwa taratibu ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa akwariamu, ili matope yatoke, kila baada ya miezi miwili au mitatu. Maji ya bomba yenye klorini huwaua wapangaji. Na kusiwe na siku ambapo vijazo vyote vinabadilishwa kwa pamoja, kwa sababu siku hiyo akwariamu inarudi kuwa mpya, pamoja na amonia yake ya wiki za mwanzo.

Makala, mawe meusi na shaba

Msomaji wa Mombasa akiona neno makala atafikiri habari ya gazeti. Huku kwetu makala ni yale yanayopikia bukari, na wazo la kuyaweka ndani ya kichujio huja lenyewe, kwa kuwa kila mtu amesikia kwamba makaa husafisha maji. Makaa yanayosafisha maji ni ya aina nyingine. Huanza kama vifuu vya nazi, makaa ya mawe au mbao, kisha hupitishwa katika mvuke wa joto la nyuzi 800 hadi 1,000 unaoyatoboa vitundu visivyohesabika, na ndiyo maana huitwa makaa amilifu. Gramu 10 za makaa hayo, kiasi kinachojaa kiganjani, zinaweza kuwa na uso wa ndani unaozidi uwanja wa TP Mazembe pale Kamalondo. Vitu vilivyoyeyuka hunata juu ya uso huo kama vumbi jekundu la Agosti linavyonata kwenye ukuta uliopakwa rangi jana. Makala ya miombo, yaliyochomwa chini ya udongo kwa kupikia, hayajatobolewa hivyo. Uso wake ni mdogo, na majivu yake huingiza potasi na fosfati ndani ya maji. Yaani, badala ya kutoa, yanaongeza.

Hata makaa amilifu yana mipaka ambayo wauzaji huipita kimyakimya. Huondoa umanjano wa maji, harufu, sumu ambazo baadhi ya matumbawe laini huzitoa yanapogombana, na dawa, ndiyo maana hutolewa wakati samaki wanatibiwa. Hayaondoi amonia, hayaondoi nitriti, hayaondoi nitrati. Uso wake ukishajaa, na katika akwariamu ya kawaida hujaa ndani ya wiki 3 au 4, yanakuwa mawe meusi tu. Kwa lita 200, vijiko vikubwa 5 au 6 vinatosha. Nusu kilo si ushujaa. Yaoshwe hadi maji yatoke meupe, yatiwe katika mfuko wa wavu, na mfuko uwe pale ambapo maji lazima yapite ndani yake.

Zeoliti nayo ina hadithi yake, na hadithi hiyo ndiyo inayonifanya nicheke kidogo kila ninapoiona ikiuzwa kwa watu wa maji ya chumvi. Katika maji baridi hufanya kazi kweli: hushika amonia na kuachilia sodiamu badala yake. Inapochoka, wafugaji wa maji baridi huiloweka katika maji yenye chumvi nyingi, ambapo sodiamu huisukuma amonia itoke na zeoliti kuwa tayari tena. Ukiielewa hatua hiyo ya pili, huhitaji kuambiwa zaidi. Akwariamu yako ndiyo yale maji ya kulowekea. Sodiamu iliyomo, zaidi ya gramu 10 kwa kila lita, imekwisha kukalia viti vyote kabla amonia haijabisha hodi.

Punje za oksidi ya chuma, zile nyekundu kama udongo wetu, hushika fosfati, na hufaa pale mwani wa kijani unapofunika vioo. Zitumike kidogo kidogo. Fosfati ikiondolewa ghafla, matumbawe huumia kuliko yalivyoumizwa na mwani, na katika akwariamu ya samaki watupu, kupunguza chakula hufanya kazi ileile bila kulipia chochote.

Yamebaki yale mawe meusi ya jirani yangu. Aliyaokota penye kifusi kilichomwagwa barabarani, akayapenda kwa kung'aa kwake, na rafiki yake akamhakikishia kwamba ni mawe ya volkeno kama ya Goma. Lubumbashi haina volkeno. Ina kile kilima cheusi kando ya bomba refu la moshi, ambacho kila mtoto wa hapa amekichora shuleni, kilichorundikwa kwa mabaki ya tanuri lililoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Na mabaki ya namna hiyo bado yana shaba, kobalti na zinki. Katika mji huu, jiwe jeusi linalong'aa ambalo hujui lilikotoka lichukuliwe kuwa taka ya tanuri hadi ithibitike vinginevyo. Nilipoinua macho kutoka kwenye gazeti, niliona ndani ya akwariamu yenyewe kitu ambacho kilinifanya nikae chini kabisa: tembo mdogo wa malakite, wa kijani kibichi chenye mistari, wale wanaouzwa kwa wageni kama kumbukumbu ya Katanga. Malakite ni kaboneti ya shaba. Mtu mwingine angeweka sarafu ya shaba.

Samaki huivumilia shaba kidogo. Hata hutibiwa kwayo, kwa kipimo cha karibu miligramu 0.2 kwa lita, dhidi ya vidoa vyeupe. Kipimo hichohicho huua kamba, konokono na matumbawe, na wengi wao hufa kwa kiasi kilicho chini ya hapo. Hatari yake kubwa kwa mwenye kuchagua vijazo ni kwamba shaba hushikwa na mawe ya chokaa, mchanga wa matumbawe na hata kauri, kisha huachiliwa kidogo kidogo baadaye. Kijazo kilichowahi kukaa katika maji ya dawa ya shaba hakipaswi kurudi penye kamba, na kijazo cha mtumba kisichojulikana historia yake, hata kikiwa cha bure, kiachwe huko kilipo. Makaa amilifu huondoa sehemu tu ya shaba. Zipo resini maalumu kwa kazi hiyo, na hapa mjini, ambako mabomba ya zamani na viungo vyake vinaweza kuwa vya shaba, ni kijazo ambacho mimi ningekiweka kabatini kabla ya kununua pakiti ya pili ya pete. Matone ya kupimia shaba tuliyoyaagiza yaligeuka rangi mara ya kwanza tu. Tembo na mawe meusi vyote vilitolewa siku hiyohiyo, na mchanga ukafuata.

Umeme unapokatika

Kuna jambo ambalo vitabu vya ng'ambo hulipitia kwa mstari mmoja, na ambalo kwetu linapaswa kuamua kiasi cha vijazo tunavyoviweka. Bakteria wa pete za kauri wanapumua. Maji ya bahari hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi: kwenye nyuzi 25, usawa wa bahari, maji baridi hubeba miligramu 8 na ushei kwa lita, na ya chumvi chini ya 7. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo akwariamu ya chumvi hapa hubaki na karibu miligramu 6 tu. Pampu ikisimama, maji yaliyofungiwa ndani ya mtungi hayapati hata hiyo. Bakteria huimaliza oksijeni iliyomo, huanza kufa, na uchafu wa sponji huanza kuoza bila hewa. Kadiri mtungi unavyojazwa uchafu na pete, ndivyo oksijeni inavyokwisha upesi.

Mimi nilijifunza hayo kwa hasara. Umeme ulikatika usiku mmoja wa Septemba na kurudi alfajiri, baada ya saa kama 9, na pampu ikaanza yenyewe nikiwa bado nimelala. Niliamshwa na harufu ya yai bovu. Yale maji ya mtungi, yaliyooza usiku kucha, yalikuwa yamesukumwa yote ndani ya akwariamu kwa dakika chache, na kabla ya saa sita mchana samaki watatu kati ya watano walikuwa wameelea. Sponji yangu ilikuwa haijaoshwa kwa wiki tano.

Tangu siku hiyo pampu yangu haianzi bila mkono wangu. Nimeiunganisha kwa swichi ambayo umeme ukirudi hubaki imezimwa. Umeme ukikatika kwa saa moja au mbili, sigusi kitu. Ukizidi hapo, hufungua mtungi, hutoa kikapu cha pete na kukizamisha ndani ya akwariamu yenyewe, karibu na jiwe la hewa la pampu ndogo ya betri, ambayo bei yake ni chini ya bei ya samaki mmoja. Maji yaliyobaki ndani ya mtungi hayarudi kwa samaki; humwagwa.

Mpangilio na mtungi wa Bel-Air

Kuhusu mpangilio, kosa lililozoeleka ni kudhani kwamba kikapu cha juu ndicho kinachopokea maji kwanza. Katika mitungi mingi maji hushuka pembeni hadi sakafuni, kisha hupanda kupitia vikapu, kwa hiyo kikapu cha kwanza ni kile cha chini. Jirani yangu alikuwa ameweka sponji juu kabisa, baada ya pete, na pete zake zilikuwa zimekuwa pipa la taka, nyeusi na zenye utelezi, huku sponji ikiwa safi kama siku iliyonunuliwa. Mishale iliyochorwa kwenye mtungi husema ukweli wote. Isipokuwapo, mimina maji kwa jagi na uangalie yanakopita.

Leo mtungi wake una sponji ya vitundu vikubwa chini, juu yake pamba ambayo mkewe huibadilisha kila Jumapili baada ya misa, kwa kuwa amegundua kwamba mume husahau, kisha pete za kauri zilizojaa kikapu kimoja, na juu kabisa mfuko mdogo wenye makaa amilifu na resini ya shaba, uliobandikwa utepe wenye tarehe. Kikapu cha nne ni kitupu. Tembo wa malakite yuko juu ya televisheni. Kipimo cha shaba kimetoka safi mara mbili kwa wiki mbili mfululizo, na nimemwomba asubiri mara ya tatu kabla ya kumwagiza kamba mwingine.